Mafuta ya mbono: tuanze na uzio na mabaki ya mkonge, si mashamba mapya

Mhariri,

Kila bei ya dizeli inapopanda, hoja ya mbono kaburi (jatrofa) hufufuka. Husemwa kwamba mahindi, miwa na mawese tuwaachie walaji, na magari tuyape mmea usioliwa: hauguswi hata na mbuzi, huota penye mawe, haujali ukame, na mbegu zake zimejaa mafuta. Kila sifa hapo ni ya kweli ikisimama peke yake. Udanganyifu huingia zinapounganishwa, kwa sababu mbono unaovumilia ukame haumaanishi mbono unaozaa katika ukame.

Mti huu utaishi hata mvua ikiwa milimita 300 kwa mwaka. Utapukutisha majani, utalala, utasubiri. Lakini ili utoe mbegu za kuuzwa unataka mvua ya milimita 900 hadi 1,200, udongo usiotuamisha maji, palizi miaka ya mwanzo, kupogolewa na mbolea. Sasa nionyesheni mahali penye sifa hizo Tanga au Pwani ambapo hakuna mtu anayelima mahindi, muhogo au ufuta. Hiyo "ardhi isiyotumika" inayotajwa kwenye maandiko ya miradi mara nyingi ni malisho, ni konde lililopumzishwa, au ni msitu ambao akina mama huokota kuni na kuchimba mizizi ya dawa.

Tuweke tarakimu mezani. Shamba la mbono kwenye udongo hafifu, bila mbolea, mara nyingi halifiki kilo 500 za mbegu kavu kwa hekta, yaani kama kilo 200 kwa ekari. Mbegu nzuri ina mafuta karibu theluthi ya uzito wake, ila mashine ya skrubu ya kijijini haiyatoi yote, hivyo lita moja hutaka kilo 4 hadi 5. Ekari nzima inakupa lita 40 mpaka 50 kwa mwaka. Trekta la kulimia humaliza kiasi hicho kwa siku moja.

Halafu kuna kuchuma. Kwenye kichala kimoja cha mbono utakuta tunda la kijani, la njano na jeusi lililokauka, yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo mchumaji hurudi kwenye mti uleule wiki baada ya wiki. Mchumaji hodari kwenye miti iliyozaa sana hupata kilo 30 hadi 40 za mbegu kavu kwa siku. Chukulia lita ya dizeli ni shilingi 3,000, na baada ya kutoa gharama za kukamua, kuchuja, kemikali, usafiri na kodi mkulima anabakiwa na 1,500 kwa lita. Kwa kilo 35 atapata kama shilingi 11,700, fedha inayovutia. Ila hiyo ni siku bora kwenye miti bora. Miti ikizaa kidogo, kilo hushuka hadi theluthi, na shilingi 4,000 haifiki hata ujira wa kibarua wa palizi kwa jirani. Wakulima wengi waliong'oa mbono hawakuhitaji mtaalamu wa kuwapigia hesabu hiyo.

Kenya waliichunguza mapema. Ripoti ya 2009 iliyotokana na ziara kwenye mashamba ya wakulima wadogo, ambayo taasisi ya utafiti wa misitu KEFRI ilishiriki, ilishauri mbono usihimizwe kama zao la shambani, uwe peke yake au uchanganywe na mazao mengine. Ilichoruhusu ni uzio. Huku kwetu, kampuni ya Sun Biofuels ya Uingereza ilipewa hekta 8,211 za kulima mbono Kisarawe, na mwaka 2011 kazi zikasimama. Kilwa, BioShape ya Uholanzi, iliyopata zaidi ya hekta 30,000, ilifilisika mwaka 2010. Hao walikuwa na wataalamu, matrekta na mtaji wa nje.

Uzio ni habari nyingine, kwa kuwa mkulima anauhitaji hata kama asingekamua tone. Vipande vya tawi vikipandwa sentimita 20 hadi 30 kutoka kimoja hadi kingine, mifugo haivili na boma linafungika. Uzio uliokomaa hutoa kati ya nusu kilo na kilo moja ya mbegu kwa mita, kutegemea mvua. Boma lenye mzunguko wa mita 200 litakupa lita 20 hadi 50 za mafuta, na bila shaka kuyageuza kuwa sabuni kunalipa kuliko kuyachoma kwenye injini. Tahadhari moja: usiuweke uzio huo ubavuni mwa shamba la muhogo. Mbono na muhogo ni wa familia moja, na baadhi ya virusi na wadudu hawabagui.

Wanaotaka kweli kupeleka mafuta hayo kwenye injini wajue yanaharibikia wapi. Kwanza ni ghalani. Mbegu zikirundikwa na unyevu, asidi huru za mafuta hupanda, na kwenye mbono nimeona zikitajwa kufika asilimia 14. Mbegu zianikwe kivulini hadi unyevu ushuke kwenye asilimia 6 hadi 8, zihifadhiwe kwenye magunia yanayopitisha hewa, zikamuliwe mapema. Mafuta yaachwe yatulie wiki nzima, ndipo yachujwe.

Kwa kunata, mafuta ghafi yanazidi dizeli karibu mara kumi. Injini ya zamani ya mwendo wa polepole, aina ya Lister, itayakubali ikiwa yatapashwa moto hadi nyuzi 70 au 80 kabla ya kuingia kwenye pampu, na ikiwa injini itawashwa na kuzimwa kwa dizeli ya kawaida. Ukiizima ikiwa na mafuta ya mbono, kesho yake nozeli zimeziba. Gari la kisasa lenye mfumo wa komoni reli, unaonyunyiza mafuta kwa shinikizo kubwa, lisiguswe kabisa. Pampu moja ikifa, gharama yake inazidi mafuta yote uliyookoa.

Kuyageuza kuwa biodizeli, yaani kuyabadili kikemikali yafanye kazi ya dizeli, ni kazi ya kipimo, na hapa ndipo vikundi vingi hukwama. Chukua mililita 1 ya mafuta, iyeyushe kwenye mililita 10 za alkoholi ya isopropili, tia matone mawili ya fenofthalini, kemikali ya kuonyesha rangi. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda kwenye lita 1 ya maji safi ya betri, kisha dondoshea maji hayo kidogo kidogo hadi rangi ya waridi ikae sekunde kumi na zaidi. Mililita ulizotumia ndizo gramu za kostiki za kuongeza kwa kila lita ya mafuta, juu ya gramu 3.5 za msingi. Ukisoma 2, utatumia gramu 5.5. Usomaji ukipita 4 au 5, asidi huru imezidi asilimia 3. Usiendelee kwa njia hii. Utapata sabuni. Mafuta hayo lazima kwanza yapitishwe hatua ya methanoli na asidi ya salfuriki, na hiyo si kazi ya kibandani.

Mafuta yawe makavu pia. Chemsha kijiko kimoja: yakitatarika, yana maji. Kostiki huyeyushwa kwenye methanoli, mililita 200 kwa lita ya mafuta, ndani ya chombo cha plastiki ngumu au cha chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya aluminiamu italiwa. Mafuta yapashwe hadi nyuzi 55, mchanganyiko umiminwe, ukorogwe saa nzima chombo kikiwa kimefunikwa. Usivuke nyuzi 60, kwa kuwa methanoli huchemka karibu na 65 na mvuke wake hupofusha na kuua. Ikishika moto, mchana ndimi zake hazionekani. Pasiwe na jiko wala sigara karibu. Baada ya usiku mmoja glisirini ya kahawia hukaa chini, ifungulie itoke. Biodizeli ioshwe kwa manyunyu ya maji mara tatu au nne hadi maji yatoke maangavu, kisha ikaushwe mpaka ing'ae. Anayekoroga kwa nguvu wakati wa kuosha huishia na uji mweupe usiotengana.

Kabla ya kuitia kwenye tangi, changanya mililita 3 za biodizeli na mililita 27 za methanoli kwenye joto la nyuzi 20 hivi. Ikiyeyuka yote, sawa. Matone yakitua chini, mafuta hayajageuka yote na bechi irudiwe. Na asiyesahau kuhesabu ataona jambo jingine: kila lita tano za mafuta hutaka lita moja ya methanoli inayoagizwa kutoka nje. Uhuru wa mafuta tunaoahidiwa unaanzia bandarini.

Mashudu ya mbono yasiingie bandani kwa ng'ombe au kuku. Sumu yake ya foboli haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Yawe mbolea au yaingie kwenye mtambo wa biogesi.

Nikija kwenye biogesi, hapo ndipo ningependa fedha za "mazao yasiyo chakula" zielekezwe. Zao hilo tunalo zaidi ya miaka mia, nalo ni mkonge. Jani likipita kwenye korona, yaani mashine ya kutenga nyuzi, asilimia kama 4 tu ya uzito wake huwa nyuzi. Kwa kila tani moja ya nyuzi, takriban tani 24 za rojo, maji ya jani na vipande vifupi hutoka nyuma ya kiwanda. Kwa miaka mingi zimekuwa zikimwagwa mabondeni, zikioza na kutoa methani bure hewani, huku maji ya mito yakichafuka. Shamba lipo, mavuno yapo, usafiri hadi kiwandani umekwisha lipiwa na nyuzi. Hakuna ekari mpya inayohitajika.

Jambo hili limekwisha jaribiwa pale Hale, Korogwe, ambako kampuni ya mkonge ya Katani, kwa msaada wa UNIDO (shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda) na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, walijenga mtambo wenye jenereta ya kilowati 150. Kwa makadirio yangu ya tahadhari, tani ya mabaki mabichi hutoa mita za ujazo 30 za gesi. Tani 24 hutoa 720, na kila mita moja huzalisha uniti 1.5 hadi 2 za umeme. Yaani kila tani ya nyuzi huja na uniti zipatazo 1,200. Kiwanda kinachotoa tani tatu kwa siku kingeendesha jenereta kama ile ya Hale usiku na mchana.

Sisemi ni mteremko. Maji ya mkonge ni machachu, na bakteria wa methani huzorota pH, kipimo cha uchachu, ikishuka chini ya 6.5. Mtambo huanzishwa kwa kinyesi cha ng'ombe, kisha mabaki huongezwa pole pole, chakula kikavu kisichozidi kilo 2 hadi 3 kwa mita moja ya ujazo ya mtambo kwa siku. Meneja mwenye haraka akimimina yote siku ya kwanza, mtambo huchacha, gesi hukoma, na kuufufua huchukua wiki. Nyuzi fupi ndizo adui wa pili: hujisokota kwenye shafti ya kikorogeo, huelea na kufanya utando unaozuia gesi. Zichujwe kwenye wavu kabla ya kuingia, zenyewe zina soko la magodoro. Na gesi ipitishwe kwenye vyuma vyenye kutu ili kunasa salfaidi ya hidrojeni, la sivyo oili ya injini hugeuka asidi na beringi huondoka kabla ya wakati.

Molasi ya viwanda vya sukari nayo ni nzuri: tani moja hutoa lita 220 hadi 250 za ethanoli. Ila kila lita ya ethanoli huacha lita 10 na zaidi za maji machafu, na molasi wafugaji wanaitaka pia. Maganda ya korosho tungeyazungumza laiti korosho zetu zingebanguliwa hapa. Nyingi husafiri na maganda yake hadi India na Vietnam.

Ombi langu kwa halmashauri na serikali za vijiji ambazo zitaletewa tena mradi wa mbono, mbarika au mmea mwingine wa mafuta ni hili. Mleta mradi aonyeshe kilo za mbegu kwa ekari mwaka wa tatu, zilizopimwa mahali penye mvua kama ya kijiji hicho, wala asije na za Brazili au India. Aeleze mashudu yataenda wapi. Atakayenunua mbegu aandike kwenye mkataba bei ambayo hatashuka chini yake, na nani atailipa bei hiyo kampuni ikifa. Na kuhusu ardhi, wanakijiji wakumbuke kuwa ardhi ya kijiji anayopewa mwekezaji wa nje kwanza huhamishiwa kwenye ardhi ya jumla, na mradi ukifa hairudi kijijini yenyewe. Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji usipige kura kabla ya kujua kama inawezekana kampuni ikanunua mbegu za uzio wa wanakijiji na kuweka mashine yake ya kukamua kwenye kiwanja cha kukodi, bila hekta moja kuhama.

Msomaji, fundi wa mitambo,
Korogwe, Tanga