Bibi asomewe hii barua

Shikamoo mama, na mbukwenyi wote hapo Kongwa. Natumaini mvua imenyesha na mtama umeota. Mimi huku Uingereza ni mzima, baridi tu ndo inanitesa.

Juzi uliniuliza kwenye simu hivi unasoma nini hasa, mtandao ukakata, jibu likabaki mdomoni. Nasoma seli inavyojigawa. Kifaranga, nzi, sisi wenyewe, wote tunaanza na seli moja, inagawanyika zinakuwa mbili, nne, nane, mpaka kiinitete, yaani kiumbe kinachoanza kuumbika, kinapata kichwa na miguu, na kuna jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli, zinazoamua seli igawanyike saa ngapi. Sasa mwambie bibi akae vizuri. Jeni hizo, nyingi zimechunguzwa kwenye chachu ya pombe! Jina lake la kisayansi ni Schizosaccharomyces pombe, ndio mama, pombe hiihii yetu, maana Mjerumani Paul Lindner aliitoa kwenye pombe ya Afrika Mashariki akaiandika mwaka 1893. Siku ya kwanza kuliona hilo jina maabara nilikaa kimya, nikaona mtungi wa bibi kabisa.

Mwaka 1987 kule London, Melanie Lee na Paul Nurse walichukua chachu hiyo ambayo jeni yake ya cdc2 imeharibika, seli zimekwama hazigawanyiki, wakaziwekea jeni za binadamu na moja ikazikwamua, zikaanza kugawanyika tena. Yaani sisi na chachu tumeachana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita na bado jeni ya mmoja inamfanyia kazi mwenzake!

Mimi niko kwenye nzi wa matunda. Kiinitete chake kinapiga mizunguko 13 ya kwanza ya kugawanyika harakaharaka kwa akiba aliyoiacha mama yake ndani ya yai, baada ya hapo moja ya zile jeni za kuamua saa ya kugawanyika, inaitwa string, inawashwa sehemu hii kwanza, ile baadaye, huku mwili unajipanga. Na string ni ndugu wa cdc25, jeni iliyojulikana kwanza kwenye hiyohiyo chachu.

Mama, ada yangu ya sekondari ililipwa na pombe ya bibi, na maneno aliyosemwa kwa ajili yake nayakumbuka yote. Naomba umsomee hii taratibu, mpaka mwisho, halafu umuulize chachu yake ya kuanzia huwa anaitoa wapi, na mama yake alikuwa anaitoa wapi. Nitapiga Jumapili mchana.

Mwanao.