Tuulize kwanza simu inalala wapi

Mhariri,

Kila likizo ya shule inapofika, wazazi huulizana: mtoto atazame skrini kwa saa ngapi kwa siku? Shirika la Afya Duniani lilijibu mwaka 2019. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 asiwekewe skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Ikipungua, vizuri zaidi. Kwa walio na miaka 5 na kuendelea, shirika hilo limesema muda wa skrini wa kujiburudisha udhibitiwe, bila kutaja saa. Kwa hiyo mzazi wa mtoto wa miaka 9 anayetafuta namba moja ya kumwokoa hataipata. Naomba aanze na usiku.

Skrini chumbani hula usingizi kwa njia mbili. Mwanga wake huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Kisha kuna msisimko: mchezo usio na mwisho na ujumbe unaosubiri jibu. Kupunguza mwanga wa kioo hakutibu hili la pili. Dakika 60 kabla ya kulala, vifaa vyote viwekwe kwenye chaji mahali pamoja nje ya vyumba vya watoto, na simu ya mzazi iwemo, maana mtoto huona upesi sheria inayomhusu yeye peke yake. Akisema simu ndiyo inayomwamsha, mnunulieni saa ya kengele.

Ugomvi mkubwa huwa wakati wa kuzima. Mtoto mdogo hajui dakika 5 ni ndefu kiasi gani, hivyo onyo la "bado dakika tano" halimsaidii. Anachokielewa ni mwisho wa kipindi. Ingia kwenye mipangilio, uzime uchezaji wa moja kwa moja ili video inayofuata isijianzishe. Kabla ya kuwasha, kubalianeni ni vipindi vingapi, mathalani viwili. Vikiisha, azime mwenyewe, na kitu cha kufanya kiwe tayari: maji na vikombe, karatasi na rangi, mpira. Akilia usimwongezee hata dakika 10. Ukimwongezea leo, kesho atalia kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu jana kilio kilimletea alichotaka.

Kufuli za kwenye simu zinafaa, ila hazijitoshelezi. Android ina Family Link na iPhone ina Screen Time. Mfungulie mtoto akaunti yake kwa mwaka wake halisi wa kuzaliwa, weka kikomo cha kila siku na saa za kifaa kujifunga usiku, kisha hakikisha kila programu mpya inasubiri idhini yako. Zinashindwa kwa sababu za kawaida kabisa. Namba ya siri ya udhibiti ni ileile ya kufungulia simu, na mtoto ameiona mara mia. Programu imewekewa kikomo lakini video zilezile zinafunguka kwenye kivinjari. Wakubwa kidogo hubadilisha saa ya kifaa. Au simu ya mzazi iko wazi mezani. Mara moja kwa wiki fungua ripoti uangalie kila programu imechukua muda gani. Jumla peke yake haitofautishi kazi ya shule na video fupifupi.

Kama mtoto amezoea saa 5 kwa siku, usimkatie zote Jumatatu. Punguza nusu saa kila baada ya siku tatu au nne, ukianza na ile ya kabla ya kulala na ya wakati wa kula. Macho nayo yanataka mchana wa nje: watoto wanaokaa zaidi kwenye mwanga wa jua hawapati kwa urahisi tatizo la kutoona mbali.

Kuzungumza na bibi kwa simu ya video ni jambo jingine. Hapo mtoto anajibiwa na mtu, wala sioni sababu ya kumnyima.

Ombi langu kwa gazeti: mnapochapisha saa za skrini, chapisheni kando yake saa za usingizi zilizomo katika mwongozo huohuo wa 2019, usingizi wa mchana ukihesabiwa. Miezi 0 hadi 3, saa 14 hadi 17. Miezi 4 hadi 11, saa 12 hadi 16. Mwaka 1 hadi 2, saa 11 hadi 14. Miaka 3 hadi 4, saa 10 hadi 13.