Mswaki si randa

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya wa wiki iliyopita ulikuwa na makala kuhusu usafi wa kinywa. Niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mengi yaliyomo ni ya kweli na mwandishi anastahili shukrani. Lakini kuna mambo mawili yaliyonikera. Anasema kila kishimo kinachoonekana kwenye jino ni dalili ya kuoza. Kisha anatuhimiza tusugue meno kwa nguvu mpaka yang'ae. Mimi niliyaamini yote mawili kwa zaidi ya miaka arobaini, na ushahidi wa matokeo yake ninao kinywani.

Mimi ni seremala mstaafu. Naitaja kazi yangu kwa sababu bila useremala nisingeelewa kilichonipata, na pengine kisingenipata kabisa. Mkono uliozoea randa haujui kushika kitu kwa upole. Hata kalamu ninayoandikia barua hii naiona inavyochimba karatasi.

Mambo yalianza na maji baridi. Nikinywa, chonge la juu upande wa kushoto lilinipiga kama shoti ya umeme, sekunde mbili tatu, halafu kimya. Sikulijali. Nikahamishia maji upande wa kulia, maisha yakaendelea. Siku moja nikiwa nimekaa bila kazi, nikapitisha ukucha juu ya jino hilo, kutoka kwenye ncha kupanda hadi kwenye ufizi. Karibu na ufizi ukucha ukakwama. Palikuwa na mfuo, tena mfuo safi wenye kingo kali, kama ule tunaoukata kwenye fremu ili kioo kikae. Nikajaribu magego mawili madogo yanayofuata: mfuo, mfuo. Nikasema basi, yameoza.

Kituo cha kwanza nilichokwenda (sikitaji, nia yangu si kumchafulia mtu jina) walikubaliana nami haraka mno. Meno yameoza, tutachimba, tutaziba. Yakachimbwa, yakazibwa. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani, napigaje mswaki, wala kama nina kiungulia. Mwaka haukuisha, viziba viwili kati ya vitatu vikaanguka, kimoja nikakimeza bila kujua.

Daktari wa pili alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu wa mwisho. Alichukua kile kijichuma chenye ncha, akakibonyeza ndani ya mmoja wa mifuo iliyobaki wazi. Hakikuzama. Akakipitisha huku na huku, kikateleza.

"Mzee, unasikia? Pagumu, tena panang'aa. Pangekuwa pameoza pangekuwa laini, ncha ingenasa. Hapa hapajaoza, hapa pamelika."

Neno hilo moja lilinitosha. Fundi yeyote anajua kwamba mbao iliyooza na mbao iliyolika si kitu kimoja. Iliyooza ukiitia patasi inaingia kama kwenye udongo mbichi. Iliyolika, mfano kizingiti cha mlango kilichokanyagwa miaka mingi, ni ngumu ileile, ila imepungua. Huwezi kuzitibu kwa njia moja. Lakini kwa meno sisi tunalo neno moja tu, kuoza, na hata makala yenu imelitumia hilohilo.

Binti akaniuliza natumia mkono gani. Nikamwambia wa kulia. Akasema alishajua, kwa kuwa mifuo yangu ya kushoto ni mirefu kwenda ndani kuliko ya kulia. Mtu wa mkono wa kulia mara nyingi hukandamiza zaidi upande wa kushoto, na chonge na magego madogo yamesimama pale safu ya meno inapopinda, kwa hiyo ndiyo yanayopokea kipigo cha kwanza. Akanipa mswaki na meno ya plasta nimwonyeshe ninavyofanya nyumbani. Nikaushika kwa kiganja kizima, nikaenda na kurudi kwa mipigo mirefu, bega likiwa ndani ya kazi. Akajizuia, akashindwa, akacheka.

"Shikamoo randa," akasema.

Sikukasirika. Nilikuwa nimekamatwa.

Naomba nieleze hapa jambo ambalo makala haikuligusa, yaani jinsi jino lilivyojengwa. Enameli, lile gamba jeupe la nje, ni kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Kwa uzito, takriban asilimia 96 yake ni madini. Watu wakisikia hivyo hudhani wanaweza kulisugua watakavyo. Lakini unene wake si mmoja. Juu, penye kutafunia, hufika milimita mbili na zaidi. Ukishuka kuelekea kwenye ufizi linazidi kuwa jembamba mpaka linaishia kwenye shingo ya jino kama makali ya kisu. Hapo linakutana na gamba la mzizi, ambalo ni laini zaidi. Na maungio hayo, niliposimuliwa, yalinifanya nitikise kichwa kama fundi. Vitabu vya meno husema kwamba katika maungio kama 60 kati ya 100, gamba la mzizi limeilalia enameli kidogo. Katika kama 30 yanakutana ncha kwa ncha. Na katika kama 10 hayakutani kabisa, yanaacha mwanya ambapo dentini, tabaka la ndani la jino, iko wazi. Mimi fundi anayeniletea mlango wenye maungio kama hayo namrudisha nao. Lakini ndivyo tulivyoumbwa, na mahali hapo ndipo tunapopapiga msasa asubuhi na usiku.

Dentini ikishafunuliwa, ndipo shoti ya maji baridi inapoanzia. Ndani yake mna mirija midogo isiyoonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu katika kila milimita ya mraba, imejaa majimaji. Baridi ikigusa, majimaji yanasogea, na neva iliyo ndani inapiga kelele. Ndiyo maana maumivu yanakuja ghafla na kuondoka ghafla. Ndiyo maana pia dawa za meno zilizotengenezwa kwa ajili ya ganzi hiyo husaidia: nyingine huziba midomo ya mirija, nyingine hutuliza neva. Zinahitaji wiki kadhaa za matumizi ya kila siku. Mimi nilipaka siku tatu nikaitupa, halafu nikaenda kuiokota.

Sasa msasa. Nilipomwambia daktari kwamba nyuzi za mswaki ni laini mno kuweza kukata kitu kigumu hivyo, alikubali: mswaki peke yake, na maji tu, karibu haukwangui kitu. Kinachokata ni dawa ya meno, kwa sababu ndani yake mna chembe ngumu zilizowekwa makusudi ziondoe madoa. Mswaki ni kitambaa, dawa ndiyo mchanga. Zipo namba zake kabisa, kipimo kiitwacho RDA, na kiwango cha kimataifa cha ISO kimeweka ukomo wa 250. Mafundi wenzangu, angalieni hapa msije mkapotea kama mimi: kwenye msasa namba ikipanda mchanga unakuwa laini, lakini kwenye dawa ya meno namba ikipanda ndivyo inavyokwangua zaidi. Na kwenye msasa namba imechapwa nyuma, kila mtu anaiona. Kwenye dawa ya meno ni nadra kuikuta. Kwa nini? Hilo lingefaa kuwa swali la gazeti lenu, mkilitaka. Dawa zinazojinadi kwamba zinang'arisha meno mara nyingi ndizo zenye mchanga mkali, na ndizo nilizokuwa nikizipenda.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1907 daktari wa meno Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, Willoughby Miller, alichapisha majaribio yake ya kusugua meno yaliyong'olewa kwa mswaki na unga wa meno, akapata mifuo kama hii yangu. Zaidi ya miaka mia imepita, na bado tunahimizana kutia nguvu.

Lakini nisiuonee mswaki. Daktari aliniuliza kama ninaamka na uchachu mdomoni. Nikashtuka, maana kiungulia cha usiku ni rafiki yangu wa siku nyingi, na sikuwahi kufikiri kwamba kinahusiana na meno. Enameli huanza kuyeyuka pale uchachu wa mate unapofika kiwango cha pH 5.5 hivi na kushuka chini yake (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unazidi). Asidi ya tumboni iko kwenye 1 au 2. Mimi nilikuwa nafanya nini? Nikiamka na ule uchungu kooni, nakimbilia mswaki papo hapo ili kuuondoa. Yaani nalilowesha jino kwa asidi, linalainika, kisha nalipiga randa lingali laini. Kila seremala amewahi kuona mbao mbichi inavyochunika chini ya randa. Siku hizi nasukutua kwa maji, nakaa, nayaacha mate yafanye kazi yake, na nimetibiwa kiungulia chenyewe. Kwa maoni yangu swali hilo la kiungulia lilikuwa na thamani kuliko viziba vyote vitatu. Wenye kinywa kikavu, kwa maradhi au kwa dawa wanazotumia, wajue wako hatarini zaidi, kwa kuwa mate ndiyo yanayopoza asidi na kuyarudishia meno madini.

Kuna na maelezo ya tatu, ya meno yanayosagana usiku. Wapo wanaosema jino likikandamizwa kwa nguvu linapinda kidogo sana pale shingoni, na enameli nyembamba inachanika vipande vidogo vidogo. Mmarekani John Grippo aliipa hali hiyo jina mwaka 1991, abfraksheni. Wataalamu wanabishana hadi leo ni kwa kiasi gani mkunjo peke yake unaweza kulichimba jino. Mimi si wa kuamua, ingawa msumari ukiupinda huku na huku najua unakatikia wapi: pale unapoingia kwenye mbao. Kwangu mimi daktari aliona zaidi dalili za msuguano na asidi.

Viziba vilivyoanguka navyo vina maelezo, na gundi naijua. Gundi inataka uso mkavu na uliokwaruzwa. Mfuo wa shingoni unateleza kama kioo, ufizi uko jirani unatoa unyevu, na jino lenyewe linatikisika kila unapouma. Ukiziba hapo bila kukiondoa kilichosababisha, umepaka rangi juu ya ukuta unaovuja. Daktari alichofanya ni kuziba upya miwili tu iliyokuwa imeingia sana, kwa saruji iitwayo glasi ayonoma, ambayo hushikamana na madini ya jino lenyewe. Wa tatu, usioingia sana na ambao kiziba chake hakikuanguka, aliuacha. Akaupiga picha, akasema tutautazama. Nilizoea kwamba ukienda kwa fundi lazima afanye kitu, kwa hiyo nilitoka nikinung'unika. Nimekuja kumwelewa baadaye. Enameli iliyokwisha kuondoka hairudi, haina chembe hai za kuijenga upya, na ufizi uliopanda kwa kawaida haushuki wenyewe. Lakini mfuo usio na kina ukikoma kuendelea, unaweza kuishi nao mpaka mwisho.

Ombi langu kwenu ni dogo. Chapisheni sahihisho. Mwandishi awaambie wasomaji kwamba kishimo kilicho karibu na ufizi, kigumu na chenye kung'aa, kinaweza kuwa si cha kuoza, na kwamba anayekiona amuulize daktari kimetokana na nini kabla ya kukubali kuchimbwa. Na lile neno nguvu aliondoe. Lugha yetu imeshatuponza vya kutosha: tunapiga mswaki, tunasugua meno, kana kwamba tumeingia vitani. Utando unaotakiwa kuondolewa ni laini, hautaki bega. Mkichapisha picha, mwonyesheni mtu ameshika mswaki laini kwa ncha za vidole kama anavyoshika penseli, nyuzi zimeinama kwa pembe ya digrii 45 kuelekea kwenye ufizi, akitikisa kidogo kidogo hapo hapo. Namna hiyo aliieleza daktari Mmarekani Charles Bass mwaka 1948. Si uvumbuzi wa jana.

Kubadilika kwenyewe kulinichosha. Wiki mbili za kwanza nilijiona nimetoka msalani na meno machafu. Mkono uliteleza ukarudi kwenye randa, nikauhamishia mswaki mkono wa kushoto ambao haujui ufundi, na hapo ndipo nilipojifunza upole. Zamani mswaki wangu ulikuwa ukitawanyika nyuzi kama ufagio mkuukuu ndani ya wiki tatu. Huu wa sasa una miezi mitatu na nyuzi zimesimama wima. Juzi mama watoto aliuokota kwenye kikombe, akaugeuza-geuza, akaniuliza kwa sauti ya chini kama siku hizi nimeacha kupiga mswaki.

Msomaji wenu wa kila siku,
Seremala mstaafu