Maji ya shawa yametoka vuguvugu? Pima kabla ya kununua elementi

Anayekuja dukani kutaka elementi mpya ya shawa ya umeme, yaani waya unaopasha maji, tunamuuliza kwanza: volti ngapi, ampea ngapi? Kwa nyumba za Malindi, hasa zilizo karibu na ufuo upande wa Casuarina na Mayungu, mara nyingi elementi ni nzima na kilichooza ni viungio vya waya. Hewa ya chumvi huipata shaba popote palipo wazi. Ukibadilisha elementi hapo umetupa pesa, na kile kiungio kinaendelea kuungua ukutani.

Hesabu yenyewe ni fupi. Volti ukizigawanya kwa ampea unapata ukinzani, yaani omu. Volti ukizizidisha kwa ampea unapata nguvu, yaani wati. Na kama una kibandiko cha shawa tu, zidisha volti kwa volti, kisha gawanya kwa wati. Chukua shawa iliyoandikwa volti 220, wati 5,500. 220 mara 220 ni 48,400. Gawanya kwa 5,500, unapata omu 8.8. Elementi nzima, maji yakiwekwa kwenye moto wa juu kabisa, ni lazima iwe karibu na hapo.

Kuipima baridi ni rahisi: zima swichi kuu, hakikisha kwa tesita kwamba umeme haupo, fungua waya wa shawa, kisha pima omu kwenye ncha za elementi yenyewe. Kabla ya hapo gusanisha ncha mbili za mita. Ikisoma 0.4, hiyo ni ya waya za mita yenyewe, itoe kwenye jibu. Kwa kitu cha omu 8 kosa hilo si dogo. Mita ikibaki vilevile kama ncha zake hazijagusa kitu, elementi imekatika, na hapo kweli unahitaji mpya.

Ikiwa omu ni sawa na maji bado ni vuguvugu, inabidi kupima umeme ukipita. Hii ni kazi ya fundi mwenye leseni, si ya mwenye nyumba aliyesimama bafuni miguu imelowa. Shawa ikiwa inafanya kazi, fundi anapima volti kwenye breka, anapima tena kwenye viungio vya shawa, halafu anabana waya mmoja tu kwa mita ya kubana ili kupata mkondo, yaani ampea. Akibana zote mbili pamoja mita itasoma sifuri, kwa sababu umeme unaokwenda na unaorudi hufutana.

Tuseme breka inasoma volti 228, shawa inasoma 210, na mkondo ni ampea 23.9. 210 gawanya kwa 23.9 ni omu 8.8: elementi haina kosa. Lakini volti 18 zimepotelea njiani, na 18 mara 23.9 ni wati 430 zinazopasha waya badala ya maji. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba wenye urefu wa mita 15, kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 0.22 hivi, kwa hiyo unakula volti 5 na kidogo. Volti 12 na ushei zilizobaki zimo kwenye kiungio. Hizo ni zaidi ya wati 300 mahali padogo kama ncha ya kidole. Ukifungua utaikuta plastiki imeyeyuka na kuwa ya kahawia, nayo shaba imekuwa nyeusi au imefanya kutu ya kijani. Dawa yake ni kukata hadi kwenye shaba inayong'aa, kuweka kiunganishi cha kauri na kukaza skrubu sawasawa. Na ule waya wa 2.5 uondoke. Kwa volti 240 shawa hii huvuta ampea 27.3, inataka waya wa milimita 6 za mraba, breka yake peke yake ya ampea 32, na waya wa ardhi usiokatika popote.

Ikiwa breka yenyewe inasoma 200 jioni, umeme unaingia ukiwa dhaifu. Shawa itatoa wati 4,545 tu badala ya 6,545 za volti 240, na hakuna elementi itakayorekebisha hilo.

Wanaotumia maji ya kisima cha chumvi wanunue shawa yenye elementi iliyofunikwa, iliyotengenezwa kwa maji hayo. Kwenye shawa za kawaida maji hugusa waya wenyewe. Chumvi huula, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno. Breka ya kuvuja ya miliampea 30, ile inayokata umeme unapovuja, hapo si anasa.

Hesabu hizi zinafaa shawa, pasi na birika. Friji na pampu zina mota: volti mara ampea huzidi wati halisi, na volti zikishuka mota iliyobeba mzigo huvuta ampea nyingi zaidi, tofauti na shawa. Ndiyo maana kwenye umeme dhaifu shawa hupoa tu, lakini pampu huungua.

Ukitupigia, uwe na picha ya kibandiko cha shawa, ukubwa wa breka, na utuambie kama maji ni ya mfereji au ya kisima. Fundi atajua aje na waya gani.