YAH: MALALAMIKO JUU YA BABA YANGU KUSHUSHWA BOTINI, MTO WAMI, HIFADHI YA TAIFA SAADANI

Meneja Mkuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti yenu mnayajua kuliko mimi na nakala ya risiti mnayo, kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe.

Baba yangu, mzee wa miaka 74, alikuwa ameshakaa botini. Jaketi la kujiokolea ameshavaa na kamba ameshafunga. Akaja mtumishi wenu na wageni wa kizungu nyuma yake, akasema mbele ya watu wote: “Wenyeji wapishe, wataenda raundi ya pili.” Baba akabaki amekaa, akidhani hasemwi yeye. Yule kijana akamwinamia, akamfungua kamba za jaketi kifuani, akamvua, akampa mgeni. Sisi tukashushwa tukasimama kwenye matope, boti ikaondoka.

Tulipangiwa saa moja asubuhi. Tuliondoka saa nne. Mwezi ulikuwa mpevu, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko kawaida, na kampuni inayofanya biashara kwenye mdomo wa Wami inajua kwamba pale mto unapanda na kushuka na bahari. Baba alivua kambamiti maeneo hayo miaka mingi kabla Saadani haijawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Alimwambia nahodha wenu kwa adabu kabisa kwamba maji yameshapwa, tutakwama. Akajibiwa, “Mzee, tulia.”

Tukakwama kwenye fungu la mchanga. Tangazo lenu linasema karibu na viboko injini inazimwa na boti inakwenda kwa kasia, kimya kimya, ili wanyama wasishtuke. Kasia halikuwamo hata moja. Nahodha alikanyaga mafuta mpaka moshi ukatanda, viboko wakazama, na mbega waliokuwa kwenye miti ya ukingoni wakatoweka. Kisha akawataka wanaume washuke wasukume. Washuke, ndani ya mto wenye mamba! Aliyetutoa pale ni baba, kwa upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, uliokuwa umelazwa chini ya viti. Mteja aliyelipa ndiye aliyefanya kazi ya nahodha wenu.

Nilipopiga simu ofisini niliambiwa kwamba hilo la jaketi ni “jambo dogo” na kwamba raia tunalipa kidogo. Kiingilio cha hifadhi ndicho cha chini kwa raia, na huo ni utaratibu wa serikali. Boti ni yenu, na kiti cha botini tulilipa bei ile ile waliyolipa wale wageni. Watu wa hifadhi sina neno nao; walitupokea vizuri getini.

Kwa kuwa mmeliita dogo, nalirudia. Mgeni mmoja, mwanamke, alikataa kulipokea lile jaketi. Alisema wao wangesubiri, mzee aende. Mtumishi wenu akamjibu, “Hapana, hawa wamezoea.” Wamezoea nini, Ndugu Meneja? Kamba ya pili ilikuwa imekaza, akaivuta kwa nguvu hadi baba akayumba, akashika ukingo wa boti asianguke. Mikono ya kijana mdogo kuliko wajukuu wake, kifuani kwake, bila hata kumwambia “samahani, mzee.” Baba alisema tu, “Haya, mwanangu,” akashuka. Tangu tulipotoka huko hajataka kulizungumza, na mimi ndiye niliyemshawishi aende akaone tena mto wake.

Siku ile nilikuwa tayari kupokea nusu ya fedha na yaishe. Baada ya majibu ya simu, nadai fedha zote nilizolipa kwa watu wawili, pamoja na usafiri wa kutoka Bagamoyo. Nadai barua ya kuomba radhi iliyoandikwa kwa jina la baba, siyo langu. Nadai pia maelezo ya maandishi: ni nani katika ofisi yenu aliyeamua kwamba mwenyeji aliyekwisha kaa anashushwa mgeni akitokea? Kama ni utaratibu wa kampuni, uandikeni kwenye tangazo lenu ili Watanzania wausome kabla ya kulipa.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, malalamiko haya yanakwenda Tume ya Ushindani na Wizara ya Maliasili na Utalii inayosimamia leseni yenu, pamoja na picha nilizopiga botini, ile ya kukwama na ile ya baba akiwa ameshika ukingo. Nitaonana na wakili pia, na hapo sitazungumzia tena nauli peke yake.

Barua ya baba ailete meneja mwenyewe, Bagamoyo, mkononi. Asitumwe yule kijana.

Mteja wenu,
(jina na saini vipo kwenye nakala ya risiti iliyoambatanishwa)