"Baba, usimwambie mama"

Dada mshauri, salaam, na heri kwa wasomaji wenzangu.

Mimi ni dereva wa malori ya masafa marefu. Napakia bandarini Dar es Salaam, napita Morogoro, Iringa na Mbeya, navuka Tunduma kuingia Zambia, kisha Kasumbalesa hadi Lubumbashi. Foleni za mpakani zikikaza, mwezi unakatika sijaiona nyumba. Binti yangu mkubwa ana miaka 12, yuko darasa la saba, na Septemba anafanya mtihani wa taifa.

Nikiwa safarini hupiga simu jioni kila penye mtandao. Simu ni ya mama yake, inawekwa spika, wadogo zake wanaigombania. Zamu yake ikifika: "Shikamoo baba. Shule nzuri. Haya, huyu hapa mama." Ungedhani ni mtoto mkimya. Sivyo. Nikiwa nyumbani nimeinama naziba pancha ya baiskeli, au tunaosha vyombo, anaanza mwenyewe kusimulia. Nisipomkazia macho wala kumkatiza, anafika mbali. Ila nikimwita sebuleni tuzungumze, sipati kitu, anadhani amekosa.

Safari hii alitoa la moyoni. Kwenye twisheni anayosoma, mwalimu husoma alama kwa sauti, na walioshika mkia husimamishwa mbele wenzao wawazomee. Naye amesimamishwa, tena si mara moja. Sasa ikikaribia saa kumi jioni tumbo linamuuma, na mama yake anaona ni uvivu. Nikamuuliza mbona hamwambii. Akasema, "Mama anaamka usiku kukaanga maandazi apate ada ya twisheni. Nikimwambia ataona anahangaika bure. Baba, usimwambie mama."

Sikumwahidi. Nilimwambia nimemsikia, na nashukuru kaniambia. Nikamuuliza angependa nifanye nini. Akasema hajui, alitaka tu nijue.

Hapo ndipo ninapohitaji msaada. Mke wangu ndiye anayebaki na watoto siku zote. Kumficha jambo la mwanawe ni kumvunjia heshima, na sitaki watoto wazoee kuwa na siri za baba na siri za mama. Lakini namjua mwenzangu kwa uchungu alionao kwa wanawe: nikitamka tu, kesho yake yuko mlangoni kwa mwalimu, na binti atajua neno lake limetoka wapi. Atanieleza tena lini?

Madereva wenzangu wanasema mtoto hana siri, mama aambiwe, basi. Siafiki. Mtoto anayeweza kuhurumia jasho la mama yake anastahili kuulizwa kabla maneno yake hayajapelekwa kwa mtu mwingine.

Nafikiria kumwomba tumwambie mama pamoja, yeye aseme, mimi niwe kando yake. Je, hapo nitakuwa namlazimisha? Na akikataa kabisa, nifuate lipi?

La pili ni simu. Nikiwa Tunduma nitayaendelezaje mazungumzo haya wakati spika iko wazi na nyumba nzima inasikiliza? Nimewaza kumtumia ujumbe wa sauti asikilize peke yake, lakini bado ni simu ya mama. Wazazi mnaolea kwa mbali, mabaharia, askari, akina mama mnaofanya kazi Oman, ninyi mlifanyaje mpaka mtoto akafunguka? Nijibuni mapema tafadhali, gari linapakia wiki ijayo na ningependa jambo hili liwe limezungumzwa kabla sijaondoka.

Baba wa binti,
Mbagala, Dar es Salaam