Barua kwa Athman: siku zinazohesabiwa na zisizohesabiwa

Nairobi,
12 Agosti 2025

Ndugu yangu Athman,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba goti la Mzee Kombo limepata nafuu. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya Julai imeingia Agosti bila kubisha hodi. Najua nimekaa kimya tangu Machi, na sababu unaijua: ni ile sentensi uliyoiandika mwishoni mwa barua yako, kwamba ya Waganda tuwaachie Waganda. Niliisoma mara mbili, nikaikunja barua, nikaifungia kwenye saraka pamoja na hasira zangu. Ijumaa iliyopita, Mahakama Kuu ya Kampala ilipomnyima Daktari Kizza Besigye, yule mpinzani wa siku nyingi wa serikali ya Uganda, dhamana kwa mara ya pili, nikaitoa tena.

Jambo lililoniketisha kuandika ni hesabu. Katiba ya Uganda inasema kwamba mtu aliyeshtakiwa kwa kosa ambalo Mahakama Kuu peke yake ndiyo iwezayo kulisikiliza, akikaa rumande siku 180 kabla kesi yake haijakabidhiwa mahakama hiyo, lazima aachiliwe kwa dhamana. Jaji Emmanuel Baguma alianza kuhesabu tarehe 21 Februari, siku ambayo Besigye alisomewa shtaka la uhaini mbele ya hakimu wa Nakawa. Nilichukua kalamu nyekundu na kalenda ya ukutani nikahesabu siku mojamoja, nikapata 168, yaani zimepungua 12. Kisha nikahesabu upya tangu tarehe 16 Novemba, siku aliyokamatwa, na kwa ajili hiyo ilinibidi niibandue kalenda ya mwaka jana kwenye debe la unga, kwa kuwa Mama Nekesa alikwisha kuigeuza kifuniko, na akaniuliza kama nimeanza kucheza bahati nasibu. Nilipata siku 265. Tofauti ni siku 97, Athman. Siku hizo 97 mtu huyu alikuwa wapi, kama hakuwa kifungoni? Alikuwa mkononi mwa mahakama ya kijeshi, ambayo Mahakama ya Juu ya Uganda kwenyewe ilikwisha kuamua, tarehe 31 Januari, kwamba haina mamlaka ya kumhukumu raia. Basi kifungo kilichotokana na mahakama isiyo na mamlaka hakihesabiki, lakini aliyekaa ndani amezeeka siku 97 kamili.

Wewe utasema hayo ni mambo ya Kampala. Ndipo hapo tunapotofautiana, kwa sababu hesabu yangu haianzii Kampala, inaanzia Riverside Drive. Besigye alikuja Nairobi kwa ajili ya uzinduzi wa kitabu cha mwanasiasa wetu Martha Karua, akaenda kwenye jengo la makazi huko Riverside pamoja na mwenzake Obeid Lutale, na baada ya siku nne wakaonekana kizimbani katika mahakama ya kijeshi ya Makindye, Kampala. Hakupelekwa mbele ya hakimu yeyote wa Kenya, wala hakuna karatasi ya kumrejesha kwao iliyopitia mahakama zetu. Na bastola mbili zilizotajwa kwenye mashtaka, pamoja na risasi nane, zinadaiwa kupatikana papa hapa Nairobi. Kama kweli zilikuwapo, je, mwenye haki ya kwanza ya kuuliza habari zake si polisi wetu?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakufikia hata jembe.

Jumapili moja ya Desemba nilishuka kwenye matatu nikatembea barabara hiyo kwa miguu, sijui nilitarajia kuona nini. Kuta ndefu, nyaya za umeme juu yake, maua ya zambarau ya mijakaranda yaliyokwisha kukauka kando ya njia. Askari mmoja wa lango aliniona nikikawia, akaniuliza kwa upole kama natafuta nyumba ya kupanga. Nikamwambia hapana, nikaongeza mwendo, wala sikuwa na ujasiri wa kumuuliza lolote. Hiyo ndiyo aibu ninayokueleza wewe peke yako, maana kwenye kikundi chetu mimi ndiye msemaji mkubwa.

Serikali yetu ilisema mwanzoni kwamba haikuhusika. Baadaye, mwezi wa Mei, Waziri Musalia Mudavadi akakiri kwamba Kenya ilishirikiana na wakuu wa Uganda kwa kuwa ni nchi rafiki. Wala hii haikuwa mara ya kwanza, kwani Julai 2024 wanachama 36 wa FDC, chama cha upinzani cha Uganda, walikamatwa Kisumu, wakavushwa mpaka na kushtakiwa kwa ugaidi. Mgeni akitekwa kwako usiku ukiwa umelala, una udhuru. Ukikiri kwamba ulimshika miguu, je?

Unakumbuka mwaka 2011? Nadhani umesahau, ndiyo maana uliandika ulivyoandika. Ilikuwa wakati ule wa maandamano ya kwenda kazini kwa miguu, bei za vyakula na mafuta zilipopanda Uganda, askari wakavunja kioo cha gari lake na kumpulizia dawa ya pilipili machoni, naye akaletwa Nairobi kutibiwa. Mimi na wewe tulikuwa tumekwenda kumwona Mzee Kombo wodini, tukawakuta waandishi wa habari wamejazana langoni na kamera zao, na wewe ukaniambia, huku ukimenya hindi la kuchoma, kwamba angalau Nairobi ni mahali ambapo mtu wa mashaka hupata pa kupumulia. Maneno hayo ni yako, ndugu yangu. Mji uliomtibu macho ndio uliomtoa.

Sikuandikii kama shabiki wake. Kuna siku namwona kama mtu asiyejua kukubali kwamba zamu yake imepita: amegombea urais mara nne, 2001, 2006, 2011 na 2016, na mara zote ametangazwa kuwa ameshindwa. Ugomvi wa ndani ya FDC, chama alichokuwa miongoni mwa waanzilishi wake, umemfanya aanze upya na chama kingine akiwa na umri wa karibu miaka 70. Lakini siwezi kuacha kushangaa jinsi maisha yanavyoweza kumzunguka mtu. Alihitimu udaktari Makerere, mwaka 1982 akaingia msituni kwa wapiganaji wa Yoweri Museveni, rais wa leo, akawa daktari wake mwenyewe. Yule aliyepimwa naye homa ndiye anayemweka rumande leo. Kosa lake la kwanza lilikuwa waraka wa mwaka 1999, aliposema kwamba Vuguvugu, yaani utawala wa Museveni, limepotea njia. Alipopinga matokeo ya 2001 mahakamani, majaji watatu dhidi ya wawili waliyaacha yasimame. Alikimbilia uhamishoni, akarudi 2005, na kabla mwezi haujaisha akashtakiwa kwa uhaini na ubakaji. La ubakaji mahakama ilimwachilia huru Machi 2006.

Na hapa kalenda yangu ilinionyesha kitu. Siku ambayo wanajeshi wenye nguo nyeusi waliizingira Mahakama Kuu ya Kampala, ili washtakiwa wenzake waliopewa dhamana wasitoke, ilikuwa tarehe 16 Novemba 2005. Kukamatwa kwake Nairobi kukaja tarehe iyo hiyo, miaka 19 baadaye. Sisemi kuna mtu aliyepanga. Lakini niliiweka kalamu chini nikaenda kujichemshia chai.

Sasa nije kwenye ombi. Jumamosi ya tarehe 23 kikundi chetu cha kusoma kitajadili uamuzi ule wa Januari, nami ndiye niliyetwishwa kuueleza kwa Kiswahili. Wewe umekuwa mkalimani wa mahakama miaka mingi. Mimi ni mwalimu tu, na maneno yananikwama. Yale mashtaka ya Nakawa yana uhaini, na yana kosa jingine la mtu kujua uhaini akanyamaza, ambalo nimeliita kuficha uhaini. Kabla ya hapo, kule kwenye mahakama ya kijeshi, kulikuwa na shtaka lililobeba adhabu ya kifo, ambalo magazeti mengine huliita usaliti na mengine huliita uhaini vilevile, kana kwamba ni kosa moja. Wafula anashikilia kwamba msaliti ni mtu aliyeuza wenzake tu, wala si jinai. Tena Bunge la Uganda lilikwisha kupitisha sheria mpya mwezi wa Mei inayorudisha raia mbele ya wanajeshi, kwa hiyo huenda nikaeleza uamuzi ambao tayari umechimbiwa kaburi. Hilo nalo sijui nilisemeje bila kuwakatisha tamaa vijana.

Basi nijibu upesi. Uhaini na usaliti unavitenganishaje mbele ya hakimu? Unasema rumande au mahabusu, na je, wazee wa Mombasa wanasikia tofauti? Kutekwa nyara linatosha kwa yaliyotokea Riverside, au kuna neno la kisheria lenye makali zaidi? Bado unaamini ya Waganda tuwaachie Waganda, au uliandika vile kwa kuwa ulikuwa umechoka? Shemeji anasemaje? Na kwa kuwa hata kwa kalamu ya jaji siku 180 zinatimia tarehe 20, ambayo nimeizungushia duara jekundu hapa ukutani, wewe wadhani watamtoa, au zitapatikana siku nyingine zisizohesabika?

Nduguyo,
Wekesa